Chuma cha Mbozi na nyota zilizokizaa

Leo hatuzungumzii mapishi wala mishono. Tunawapeleka bara, Nyanda za Juu Kusini, na kutoka huko tutapanda mpaka kwenye nyota. Mwenye chungu jikoni apunguze moto kwanza, maana habari ni ndefu kidogo.

Kwenye kilima cha Marengi, kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kuna pande la chuma lililoshuka kutoka juu. Ndicho Kimondo cha Mbozi. Vitabu vya skuli tulivyosomea vilikiandika chini ya mkoa wa Mbeya, lakini tangu mwaka 2016 Mbozi imo katika mkoa wa Songwe. Sisi tunaopita barabara ya Tunduma kwa biashara ya vitambaa tunajua kwamba watu wengi wanakiacha pembeni wakiwahi mpakani, na ni hasara yao. Urefu wake ni kama mita 3 na kimo chake kama mita 1. Uzito unakadiriwa kuwa tani 16, ingawa utakuta vipeperushi vinavyosema 12 na maandishi ya zamani yanayosema 25. Katika kila sehemu 100 za kimondo hicho, sehemu 90 hivi ni chuma, karibu 9 ni nikeli, na kilichobaki ni vitu vidogo vidogo kama shaba, salfa na fosforasi.

Maandishi mengi yanasema kimondo hiki "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi kutoka Johannesburg aitwaye W. H. Nott. Neno hilo halitupendezi. Ardhi ile ni ya Wanyiha, walilima na kuchunga pale vizazi na vizazi, na pande la chuma lenye urefu wa chumba halijifichi kwa mwenye shamba. Alichofanya Nott ni kukitia kwenye maandishi ya serikali ya kikoloni. Desemba mwaka huohuo Dkt. Grantham wa idara ya jiolojia alikwenda kukata kipande cha kupimia. Kwa msumeno wa kukatia vyuma ilimchukua saa 10 kupata kipande cha upana wa sentimita 10 tu. Wakati huo sehemu kubwa ya kimondo ilikuwa bado imefukiwa. Baadaye udongo ukachimbwa pande zote, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, kisha nguzo ile ikajengewa saruji. Ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa juu ya kiti.

Shimo la kuangukia halionekani. Wataalamu wanaona kwa hiyo kwamba kilianguka zamani sana, maelfu ya miaka, hata mvua na upepo vikafuta alama zote.

Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi wanapopiga picha zao. Wanyiha hao hao walikuwa wafua chuma hodari. Walijenga matanuri ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yenye matundu chini ya kuvuta hewa yenyewe bila kuvukutwa, wakapanga ndani makaa na mawe yenye chuma, wakawasha. Majirani zao Wafipa walifanya vivyo hivyo. Ukienda upande wa Iringa ya zamani, kabla mkoa wa Njombe haujakatwa mwaka 2012, unawakuta Wakinga wa milima ya Livingstone na Wapangwa wa Ludewa, nao mafundi wa chuma. Wanyakyusa walipata majembe yao kwa Wakinga. Kwa hiyo watu walikuwa na tani 16 za chuma safi cha bure kilimani, lakini hakikatiki, na wao wakaendelea kutafuta chuma chao ardhini kwa jasho. Akili ya fundi ndiyo hiyo. Mali isiyoshikika kwa mikono yako si mali.

Na sisi wanawake tunahusika vipi na moto wa wanaume? Tena sana. Watafiti waliokaa na Wafipa na Wapangwa wameeleza kwamba tanuri lilichukuliwa kuwa mwanamke. Kwa Wafipa lilikuwa bi harusi, likatayarishwa kama bi harusi anavyotayarishwa. Chuma kinachotoka ndani yake ni mtoto. Mafundi walikaa mbali na wake zao muda wote wa kazi, kwa kuwa kwa siku zile "mke" wao alikuwa tanuri. Mwanamke mwenye siku zake hakutakiwa kusogea. Unaweza kulitazama jambo hili kwa macho mawili. Ni heshima kubwa kwa uzazi, na ni njia ya kumweka mzazi halisi nje ya uwanja wa kazi. Sisi tunaona yote mawili yamo. Lakini jembe lililotoka pale liliingia mikononi mwa mwanamke, maana ndiye aliyelima, na katika jamii nyingi za huko majembe yalihesabiwa pia kwenye mahari.

Kazi hiyo ilikufa mapema katika karne ya 20, chuma cha viwanda vya Ulaya kilipofika kwa bei ya kutupa. Mtapo wenyewe haukwisha. Liganga, huko huko Ludewa, kuna mlima wa mawe ya chuma ambao serikali imekuwa ikiuzungumzia miaka mingi.

Sasa chuma chenyewe, kiwe kile cha Marengi kilichoshuka au hiki cha Liganga kilichomo ardhini, kilitoka wapi kabla ya hapo? Jibu la wataalamu ni moja kwa vyote viwili. Kilipikwa ndani ya nyota, na nyota zile zimekwisha kufa.

Tuanze na rangi, maana hilo kila mwanamke aliyetumia pasi ya mkaa analijua bila kufundishwa. Kaa likianza kushika moto ni jekundu. Likipepewa linakuwa la machungwa, na likizidi linakaribia weupe. Nyota ni vivyo hivyo. Nyekundu ndiyo yenye moto mdogo, nyeupe inayokaribia buluu ndiyo kali. Jua letu usoni pake lina nyuzi 5,500 hivi. Nyota ya Shira, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, ina karibu nyuzi 10,000. Na Ibuti la Jauza, ile nyekundu kwenye bega la Jabari, ambayo Wazungu wamelichukua jina lake kutoka Kiarabu wakalipindapinda mpaka likawa Betelgeuse, ina kama nyuzi 3,300 tu. Lakini isikudanganye. Upana wake ni mara 700 au zaidi ya Jua. Ingewekwa mahali pa Jua, ingetumeza sisi na Mirihi pia.

Nyota huzaliwa kutoka wingu kubwa la gesi, zaidi ni hidrojeni. Wingu linajivuta lenyewe kwa uzito wake, katikati panabanwa, panapata joto la mamilioni ya nyuzi, na hapo hidrojeni inaanza kuungana na kuwa heli. Muungano huo unatoa nguvu, na nguvu hiyo inasukuma nje wakati uzito unasukuma ndani. Nyota inasimama hapo katikati ya misukumo miwili. Wenye kuona watoto wachanga wa mbinguni waitazame Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo ndogo. Umri wake ni kama miaka milioni 100, ambao kwa nyota ni utoto. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima, na Wazulu na Waxhosa huko Afrika Kusini wanakiita isilimela, mzizi ule ule. Kuanzia Novemba kinachomoza mashariki jioni, na ndio mwezi ambao mvua za kupandia zinaanza Mbeya na Iringa.

Shira ina uzito wa majua mawili, na iko karibu, miaka 8.6 ya nuru. Maana yake mtoto aliyezaliwa siku mwanga huo unaouona leo ulipoondoka, sasa yuko darasa la pili au la tatu. Ina uzito mara 2 ya Jua lakini inatoa mwanga mara 25. Mfanyabiashara atalielewa hili haraka. Ni duka lenye mtaji mara mbili ya jirani, lakini linatoa bidhaa mara 25. Halidumu. Jua limepewa kama miaka bilioni 10, Shira itaishia kwenye bilioni 1 hivi. Umri wake wa sasa ni kama miaka milioni 240.

Shira ina mwenzake. Mwaka 1844 Bessel, mwanahisabati wa Kijerumani, aliona kwamba Shira inayumba njiani kama mtu anayevutwa mkono na asiyeonekana. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark wa Marekani akamwona huyo mwenzake kwa darubini mpya. Ni nyota iliyokwisha kufa, kibete cheupe, yenye uzito kama wa Jua lakini saizi kama ya dunia yetu. Zamani ndiyo iliyokuwa kubwa na yenye kung'aa kuliko Shira. Ikatumia ikamaliza, ikavimba, ikamwaga nguo zake za nje, ikabaki kiini. Shira nayo njia yake ni hiyo.

Nyota kama Shira hazifiki kwenye chuma. Zinaishia kwenye kaboni na oksijeni. Kupika chuma kunahitaji nyota nzito, mfano wa Ibuti la Jauza, inayokadiriwa kuwa na uzito wa majua 15 hadi 20. Nyota nzito ikimaliza hidrojeni inaanza kuchoma heli, ikimaliza heli inachoma kaboni, kisha neoni, kisha oksijeni, kisha silikoni, kila jivu likawa kuni za moto unaofuata. Na kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Kwa nyota yenye uzito wa majua kama 25, hidrojeni inachukua miaka milioni 7 hivi. Kaboni inachukua mamia ya miaka, oksijeni miezi. Silikoni inamalizwa kwa siku moja, katika joto la nyuzi karibu bilioni 3. Linganisheni na tanuri la Mbozi, ambalo lilifika nyuzi 1,200 hivi na likachukua siku kadhaa.

Jivu la silikoni ndilo chuma. Na chuma hakiwaki. Ukiunganisha vitu vyepesi unapata faida ya nguvu, lakini ukifika kwenye chuma, kuunganisha zaidi kunakula nguvu badala ya kuitoa. Ni biashara ambayo kila unachouza unauza chini ya bei ya kununulia. Moto unazimika katikati, hakuna tena cha kusukuma nje, na kiini chenye uzito kuliko Jua kinaporomoka chini ya sekunde moja. Sehemu za nje zinapasuliwa na kutupwa mbali kwa mlipuko ambao kwa wiki kadhaa unaweza kung'aa kama kundi zima la nyota.

Haya si ya kubuni. Februari 1987 nyota moja ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka 168,000 ya nuru, ikaonekana kwa macho matupu nchi za kusini mwa dunia, na mbingu ya Mbeya na Iringa imo humo. Wataalamu waliupima mwanga wake ulivyokuwa ukififia, wakakuta unafifia kwa mwendo ule ule ambao nikeli na kobalti za aina fulani hugeuka kuwa chuma. Chuma kilichozaliwa usiku ule kilikuwa zaidi ya mara 20,000 ya uzito wa dunia yote.

Iko njia ya pili, nayo imetoa sehemu kubwa ya chuma kilichopo. Kibete cheupe kikiwa karibu mno na mwenzake kinaweza kulipuka chote. Mwaka 1006 mlipuko wa namna hiyo ulionekana sehemu nyingi za dunia, na Ali ibn Ridwan, tabibu wa Misri, aliuona akiwa kijana na akauandika. Ilikuwa miaka 101 kabla ya maandishi yale ya Kikufi kuchongwa kwenye kibla cha msikiti wetu wa Kizimkazi, mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Mwenzake Shira hana hatari hiyo, yuko mbali naye vya kutosha.

Elimu hii ilipatikanaje? Kwa sehemu kubwa kwa wanawake wawili, na tunawataja kwa makusudi. Cecilia Payne, Mwingereza, alisoma Cambridge wakati chuo kile hakikuwa kikiwapa wanawake shahada. Akaenda Harvard mwaka 1923. Mwaka 1925 tasnifu yake ikaonyesha kwamba nyota zimejaa hidrojeni na heli. Mkubwa wa fani hiyo, Henry Norris Russell, akamwambia haiwezekani, na binti akalazimika kuandika kwamba matokeo yake mwenyewe pengine si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell akakubali kwamba ni kweli. Wa pili ni Margaret Burbidge. Kwenye kituo cha Mount Wilson huko California wanawake hawakupewa zamu ya darubini, basi akapanda mlimani kama msaidizi wa mumewe Geoffrey, na kazi akafanya yeye. Mwaka 1957 wao wawili pamoja na William Fowler na Fred Hoyle walitoa makala iliyoeleza jinsi nyota zinavyopika vitu, chuma kikiwamo. Jina la Margaret ndilo la kwanza. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1983 ilikwenda kwa Fowler. Bibi huyo alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 100. Mkumbuke lile tanuri la Wafipa mnapolisoma hili.

Basi vumbi la milipuko ile likachanganyika na mawingu mapya, na kutoka wingu moja la namna hiyo, miaka bilioni 4.5 iliyopita, likaumbwa Jua na dunia yake. Chuma kingi cha dunia kikazama mpaka katikati, hatukifikii. Vimondo vya chuma ni mioyo ya vijidunia vidogo vilivyogongana na kupasuka. Kilichomo Mbozi ni moyo wa namna hiyo. Vimondo vingi vya aina hiyo vikikatwa na kuoshwa kwa tindikali vinaonyesha mistari inayopishana kama uzi wa mtande na mshindo. Mistari hiyo hutokea chuma kinapopoa pole pole kwa mamilioni ya miaka, na hakuna kiwanda kinachoweza kuifuma.

Wasomaji wengi watakuwa wameshafika kwenye Suratul Hadid, aya ya 25, inayotaja kwamba chuma kimeteremshwa. Video zinazozunguka kwenye simu zinasema aya hii ni habari ya nyota. Sisi tunaipenda aya hii, lakini tunaenda nayo taratibu. Tendo hilo hilo la kuteremsha limetumika katika Suratul A'raf, aya ya 26, kwa mavazi, na katika Suratuz Zumar, aya ya 6, kwa wanyama wa kufugwa. Hatujamsikia mtu akisema kanzu ziliangukia kilimani. Wafasiri wengi wamelichukua neno hilo kwa maana ya neema iliyotolewa. Ukiona chuma cha Marengi ukamkumbuka Muumba, hiyo ni ibada yako. Ukiitumia aya kumshinda mtu mabishano, kesho wataalamu wakirekebisha hesabu zao utaiweka wapi? Tunaona fundisho kali zaidi limo Suratun Najm, aya ya 49, ambapo Shira yenyewe imetajwa kwa jina. Wafasiri wanasema kabila la Khuza'a liliiabudu kabla ya Uislamu, na aya ikawakumbusha kwamba nayo ina Mola wake. Ile nyota kubwa waliyoisujudia ina umri, ina kuni za kuhesabika, na mwenzake keshatangulia.

Chuma hicho tunacho pia mwilini. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4, kama msumari mmoja mdogo, sehemu kubwa ikiwa kwenye damu, ambako kinabeba hewa tunayovuta. Sisi wanawake tunakipoteza kila mwezi, na mja mzito anahitaji zaidi kwa ajili ya mtoto. Vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, ambavyo mashoga zetu wengine wanavificha chini ya mto kwa sababu vinachafua tumbo, ni chuma hiki hiki. Vimezeni. Na msivimeze kwa chai ya rangi, chai inazuia chuma kuingia mwilini. Maji ya ndimu au chungwa yanasaidia. Kikikuletea kichefuchefu mwambie mkunga akubadilishie saa ya kumeza, usikitupe.

Anayetaka kuzitazama nyota hizi asisubiri safari ya Mbeya, kwanza katikati ya Februari huko ni mvua na mawingu. Unguja na Pemba ni kaskazi, mbingu safi. Saa tatu usiku, mkishamaliza Isha, tokeni uani. Shira itakuwa karibu na utosi, nyeupe, hakuna wa kuikaribia. Geukeni kidogo kaskazini-magharibi mtaona Jabari na Ibuti lake jekundu, na chini zaidi upande huo Kilimia imeanza kuteremka. Mwishoni mwa 2019 Ibuti lilififia hata watu wakadhani linakufa. Kufika Februari 2020 lilikuwa hafifu kuliko miaka yote lililopimwa, kisha likarudi. Ilikuwa wingu la vumbi lililotemwa na nyota yenyewe. Wataalamu wengi wanalipa bado maelfu mengi ya miaka, labda 100,000. Na mwanga utakaouona usiku huo uliondoka kwake kabla Vasco da Gama hajafika pwani yetu.